Alama Kumi na Sita za Mama Mkwe

Nilianza kazi Jumatatu ya pili ya Januari, saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, na nikastaafu Jumamosi iliyopita saa tatu asubuhi, nikiwa na umri wa miaka kumi na minane. Najua utacheka. Gakii, binamu yangu, wewe ndiye utakalia kiti changu kuanzia Jumatatu, kwa hivyo cheka umalize kwanza, halafu usome. Mimi naenda chuoni kuanza masomo. Wakati naanza kazi hakuna mtu aliyeniandikia kitu kama hiki, na hiyo ndiyo sababu siku yangu ya kwanza niliipitisha nyuma ya printa.

Vyeo na mshahara sitavitaja. Vyeo havikuwepo, na mshahara ulikuwa na haya kama mimi: ulikuwa unachelewa kujitokeza.

Saiba ya Mama Salma unaijua kwa nje, hapo Majengo kati ya bucha na fundi wa viatu. Kwa ndani ni kompyuta tano, na nne huwaka. Namba tatu ndiyo nzuri, lakini kibodi yake haina kitufe cha A. Kuna kidude cha chuma kimesimama pale, ukikigonga kwa ncha ya kalamu A inatoka. Usiwaambie wateja mapema, maana watakataa kukaa. Waache waandike majina yao kwanza, wagundue wenyewe, ndipo uwape kalamu.

Siku hiyo ya kwanza nilijificha nyuma ya printa nikijifanya naikagua karatasi. Mteja mmoja akaniuliza, "Wewe ni wa kazi ama ni sehemu ya hii mashine?" Mama Salma akajibu badala yangu, "Huyo ni wa kazi, ila bado hajawashwa."

Mama Salma ndiye aliyenifundisha kila kitu, na alinifundisha mambo mawili tu. La kwanza: kompyuta ikikwama usiipige wala usiibembeleze, izime, hesabu mpaka kumi, iwashe. "Hata binadamu wengi wangetengenea hivyo, mwanangu." La pili ndilo kubwa. "Mteja akifungua mambo yake, wewe tazama dari. Hapa tunauza intaneti, hatununui habari."

Hilo la dari nililiweza haraka. Mtu mwoga akiambiwa asiwaangalie watu usoni, amepewa likizo. Ninavyokuandikia hivi, naijua ile dari kuliko nyumba yetu ya Kibirichia. Juu ya namba tatu kuna doa la maji lenye umbo la kiazi kilichochipua. Wameomba kazi chini ya lile doa, wamekataliwa mikopo chini yake, mmoja alisomewa talaka chini yake, na mimi nilikuwa nakitazama kiazi.

Mteja wetu mkubwa alikuwa Dokta Mbaabu. Anafundisha diploma ya ualimu wa chekechea kwa wanafunzi wa mbali, wale wanaofundisha shuleni mchana na kusoma kwa simu wakipata nafasi. Chuo chake sikitaji, kwa sababu nikikitaja wataniita kwa semina. Dokta alikuwa anachapisha kazi za wanafunzi wake kwetu, anazisahihisha kwa kalamu nyekundu akinywa chai ya Mama Salma, halafu mimi naziingiza alama kwenye mfumo wa chuo. Alikuwa anaandika namba moja tu, na chini yake neno moja: "Jitahidi." Aliyepata kumi na tisa aliambiwa ajitahidi, na aliyepata nne vilevile. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba ameonewa.

Mwezi wa Mei mfumo ukabadilishwa. Dokta alirudi kutoka mafunzoni na cheti, chupa ya maji yenye nembo ya chuo, na uso wa mtu aliyefiwa.

"Kinya," akaniambia, "sasa tumekuwa wa kisasa. Zamani nilikuwa nasahihisha kwa siku mbili. Sasa mfumo utanisaidia, nitamaliza kwa wiki mbili."

Mfumo mpya haukutaka namba moja. Ulitaka visanduku vitano, kila kimoja alama nne, na kila kimoja na kigezo chake: maudhui, mpangilio, mifano na kadhalika. Yaani uanze na visanduku, jumla ije yenyewe. Dokta, ambaye amesahihisha miaka thelathini, alianza na jumla.

"Huyu ni wa kumi na nne."

"Visanduku vinasema kumi na tatu, Dokta."

"Mwongeze moja kwa nidhamu."

"Hakuna kisanduku cha nidhamu."

"Basi mpe kwa marejeleo."

"Hakuweka marejeleo."

"Ndiyo maana namwongeza, atiwe moyo aweke!"

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi darasa zima, tukiwa na jibu mkononi tunalitafutia swali.

Halafu kulikuwa na ghala la maoni. Maoni yako tayari, wewe unachagua tu na kubonyeza, na mwanafunzi anaamini kuna mtu amemfikiria. Hapo nikiri kosa langu. Siku moja nilibonyeza vibaya nikalitumia darasa lote maoni yanayosema, "Asante kwa mchoro wako mzuri." Hakuna aliyekuwa amechora chochote. Nilingoja malalamiko wiki nzima. Hayakuja. Kazi iliyofuata, watatu walichora.

Lingine ni kuficha majina. Kazi inakuja imeandikwa Mshiriki 4, Mshiriki 11, ili msahihishaji asipendelee mtu. Wazo zuri. Ila sisi watu wa huku hatuwezi kuandika kurasa mbili bila kusema tumetoka kwa nani. Mshiriki 4 alianza hivi: "Mimi nikiwa kifungua mimba wa mzee wa kanisa, aliye na posho mill ya kusaga mahindi sokoni..." Mfumo umefunika jina, na mwenyewe amechora ramani ya kwao.

Na mwisho likaja lile lililokaribia kunifukuzisha kazi: kusahihishana. Kila mwanafunzi anapewa na mfumo kazi za wenzake wawili azisahihishe. Kila kazi inasahihishwa na watu wawili. Usipomsahihisha mwenzako, na yako haifunguki.

Mara ya kwanza darasa zima walipeana ishirini juu ya ishirini. Mmoja aliyekuwa anasahihisha pale namba mbili alimwambia Dokta waziwazi, "Sasa mimi nimpe mwenzangu kumi na mbili, halafu tukutane kwa mazishi, nitamsalimia na mkono gani?" Mwingine, mzee, alitoa ishirini na kwenye maoni akaandika sala. Mfumo ukatuma barua ndefu kwa Kiingereza kwamba alama hazina mtawanyiko unaotarajiwa.

"Inasema nini?" Mama Salma akauliza.

"Inasema wanapendana sana," Dokta akasema. "Inataka waache."

Basi wakaongeza sheria: ujaze kisanduku kimoja kimoja, na uandike maoni ya maneno hamsini au zaidi, yako mwenyewe, si ya ghala.

Sasa nakuja kwa siku zangu tatu za mwisho, na ukisoma hapa, Gakii, usisome kwa haraka.

Alhamisi saa nane mchana aliingia Njeru. Njeru ni Mwembu wa Kanja, amepanga chumba hapa Majengo, anafundisha chekechea mjini na ni mwanafunzi wa Dokta. Ni mtu mkubwa kama mlango wa stoo, na Mama Salma humtania, "Mwalimu, leo umewaimbia kipepeo?" Naye hujibu, "Nimewaimbia na nikaruka." Alikuwa amebakisha kumsahihisha mtu mmoja, na siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa saa sita mchana. Nikamkalisha namba tatu, nikampa kalamu ya A, nikatazama dari.

Dakika tano hazijaisha nikasikia kiti kimeanguka. Njeru alikuwa amesimama karibu na mlango, kifua kikipanda na kushuka, na ameipa kompyuta mgongo.

"Zima hiyo kitu," akaniambia.

"Imekwama?"

"Ni mama mkwe!"

Nikageuka kuangalia mlangoni. Hakukuwa na mtu.

"Huko ndani! Mshiriki 9 ni mama mkwe wangu!"

Swali lilikuwa: eleza jinsi walezi wa familia unayoijua wanavyoshirikiana kumlea mtoto. Na Mshiriki 9, ambaye mfumo ulikuwa umemfunika jina kwa uangalifu mkubwa, alianza hivi: "Mjukuu wangu wa miaka minne huko mjini Meru, ambaye baba yake ni Mwembu na mwalimu wa chekechea kama mimi..." Waembu wa namba hiyo ni wangapi? Njeru alikuwa amesoma ukurasa wa kwanza. Ulisema kwamba mtoto anahesabu mpaka mia kwa Kiingereza lakini hajui tofauti ya kiazi cha mbegu na cha kupika. Na kwamba baba yake ni mwoga, akija Kibirichia anasalimia mlango badala ya watu.

Mimi nilimjua Mshiriki 9 kabla Njeru hajamaliza kuniambia. Ni Mwalimu Kagwiria. Amefundisha chekechea ya Kibirichia miaka yote, na alinifundisha mimi kushika penseli. Kila mtu kijijini alijua kwamba shule imemwambia hivi: mwaka ujao wanaobaki ni wenye diploma. Hiyo kazi ndiyo ilikuwa ya mwisho. Ikikosa kusahihishwa na wawili kufikia saa sita Ijumaa, jina lake haliingii kwa orodha ya kufuzu, na darasa lake anapewa mwingine.

Nikampigia Dokta, nikaweka simu isikike.

"Abonyeze 'Siwezi kusahihisha'," Dokta akasema. "Kuna orodha ya sababu."

Nikafungua orodha. Ni rafiki yangu. Ni mpenzi wangu. Ni mfanyakazi mwenzangu. Ni mshindani wangu wa kibiashara. Nyinginezo.

"Hakuna mama mkwe, Dokta."

"Weka Nyinginezo, aeleze."

Nikaifungua. Ilisema kwamba msahihishaji akieleza anavyomjua mwandishi, siri ya majina itakuwa imevunjwa na kazi zote mbili zitafutwa. "Haya. Mfumo umefikiria kila kitu," Dokta akasema, kisha simu yake ikaisha chaji, au aliizima. Mimi simlaumu.

Mama Salma akamwambia Njeru, "Si umsahihishe tu? Hatakujua."

"Mama Salma, mimi hata kiti chake sikalii. Akiingia hivi mimi natoka vile. Huyo mtu amenipa mke! Sasa nimkalie hapa na kalamu, huyu hapa nne, huyu hapa mbili? Hata nikimpa ishirini, nimempa. Nitakuwa nimempima." Akafuta jasho. Kwetu Kimeru na kwao Kiembu neno ni moja, nthoni, ile haya ya mtu na wakwe zake. Chuoni wanalo neno la kila kitu isipokuwa hilo.

Halafu akanigeukia. "Kinya, wewe si mkwe wa mtu. Mfanyie mama haki. Tafadhali. Usiniambie umempa ngapi."

Na akatoka. Akaniacha na akaunti yake imefunguliwa.

Ningeweza kukuambia kwamba nilikataa. Sikukataa. Mama Salma alienda kuswali alasiri, na mimi nikakaa namba tatu, nikashusha macho kutoka kwa kiazi cha dari, nikasoma.

Ukurasa wa pili Njeru hakuufikia. Huko Mwalimu Kagwiria ameandika kwamba wakati mtoto alipopata homa ya mapafu akiwa kwake, na barabara imekatwa na matope, huyo baba mwoga alitembea kutoka lami mpaka nyumbani, akambeba mtoto kifuani ndani ya koti, akarudi naye kwa mguu mpaka zahanati akiimba nyimbo za chekechea njia nzima ili asilale. "Nilimfuata kwa nyuma," ameandika, "na nikajua binti yangu ameolewa. Sijawahi kumwambia, kwa sababu ya heshima iliyo kati yetu."

Nikapangusa macho kwa mkono wa sweta, nikaanza visanduku. Maudhui, nne. Mpangilio, nne. Mifano, nne. Lugha, nne. Kisanduku cha tano kiliitwa "Mawasiliano kati ya walezi." Nilikaa hapo muda mrefu. Nikampa sufuri. Jumla kumi na sita. Kwenye maoni nikaandika maneno hamsini na matatu, nikigonga A moja moja kwa kalamu. Nikatuma. Duara lililo kando ya Mshiriki 9, lile la kuonyesha kazi imeshasahihishwa na wawili, likawa kijani.

Ijumaa saa saba mchana Mwalimu Kagwiria mwenyewe akaingia, gumboti zina udongo, na daftari kifuani. Alikuwa ameteremka mjini kuona kwa macho yake. Nikamfungulia. Msahihishaji wa kwanza alimpa ishirini na sala ndefu inayoanza na "Mungu akuinue." Wa pili ni mimi.

"Kumi na sita?" akasema. "Nani huyu?"

"Wamefichwa majina, Mwalimu."

"Atoke huko alikofichwa! Nne zangu ameenda nazo wapi?" Akasogea karibu na kioo. "Hiki kitufe ni cha nini? Kata rufaa?"

Nilikijua. Ukikibonyeza, duara linarudi kuwa jekundu, kazi inaenda kwa kamati ya muhula ujao, na msahihishaji anaitwa kwa video kujieleza mbele ya mwandishi. Orodha ya kufuzu ilikuwa inafungwa saa kumi jioni hiyo.

"Mwalimu, ukibonyeza utatoka kwa orodha."

"Afadhali nitoke kwa orodha kuliko nidhulumiwe na mtu asiye na jina." Na mkono ukaenda kwa mausi.

Nilitazama dari. Naapa nilitazama, kwa mazoea. Kiazi kilikuwa pale pale. Nikawaza darasa la Mwalimu Kagwiria likiwa na mtu mwingine ndani, na Njeru amekalishwa mbele ya kamera na mama mkwe upande wa pili.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nini?"

"Niliyekupa kumi na sita. Ni mimi."

Mteja wa namba moja, aliyekuwa anatazama mpira, aliusimamisha.

"Wewe Kinya? Niliyekufunga kamba za viatu?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Uliyekuwa unakunywa rangi?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Akavuta kiti akakaa, akaweka daftari magotini kama anayekagua kazi ya nyumbani. "Basi nieleze hizo nne. Simama wima. Kwa sauti."

Sijawahi kuongea maneno mengi hivyo mbele ya watu. Nilisema swali lilitaka walezi wanavyoshirikiana, na kisanduku cha tano kinauliza kama wanaambiana mambo. "Umeandika vizuri kuliko wote niliowaona, Mwalimu. Lakini ule woga wa ukurasa wa kwanza huyo baba anaujua, na yule mtu wa ukurasa wa pili hajui kama anajulikana. Umeandika mwenyewe kwamba hujamwambia. Sasa hapo ningeweka ngapi?"

Mwalimu Kagwiria alisoma tena yale maneno yangu hamsini na matatu, midomo ikisogea. Kisha akauliza polepole, bila kunitazama, "Na huyu aliyestahili kunisahihisha, kabla yako, alikuwa nani?"

Nikatazama dari.

"Nimekuuliza, mwari."

Dari.

Akaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu kwa mabega. "Sawa. Nimesikia. Kama ni yule ninayemfikiria, alisalimia mlango akatoka." Akaondoa mkono kwa mausi. "Kumi na sita inatosha. Nichapishie ukurasa wa pili. Huo peke yake." Akaukunja mara nne, akaniwekea mkononi. "Yule mtu akija, mpe. Mimi kumwambia kwa mdomo siwezi, na wewe unajua. Lakini karatasi haina nthoni."

Jioni hiyo nilimwandikia Dokta ujumbe nikamwambia yote, na kwamba naomba msamaha, na kwamba kosa ni langu wala si la Njeru. Nilingoja matusi. Alikuja mwenyewe akaomba kazi ya Mshiriki 9 ichapishwe yote, akatoa kalamu nyekundu, akaisoma mpaka mwisho akisahau chai. Akaandika kumi na sita na nusu. Tulijaribu kuiingiza. Mfumo ulikataa nusu.

"Basi iwe ile ya Kinya," akasema, na chini ya karatasi akaandika, "Jitahidi." Sikujua kama ni la Mwalimu au ni langu. Mama Salma naye aliniambia nimevunja sheria ya dari, na vizuri naenda chuoni, kwa sababu angelazimika kunifukuza, na mahali pangu hajui angempata wapi mwingine. Hapo ndipo nilipomtajia jina lako.

Jumamosi asubuhi nilifungua mapema, nikafagia, nikawasha zile nne. Njeru aliingia saa tatu kasoro, akauliza kwa sauti ndogo kama duara la mama ni kijani. Nikamwambia ni kijani. Nikampa karatasi iliyokunjwa mara nne nikasema imetoka Kibirichia. Aliifungua akiwa amesimama, akasoma mistari ya kwanza, kisha akavuta kiti cha namba tatu, kile kile alichokiangusha, akakaa chini polepole na kusoma mpaka mwisho, mkono mmoja umefunika uso.

Nikatazama dari.